Rojo la Zuena

Muhidini Mdoe alikuwa mtu wa maneno machache tangu utoto wake. Pale Kwedihoma, kitongoji alikozaliwa upande wa Handeni, wenzake walimtania kwamba siku atakayosema maneno kumi mfululizo, mvua itanyesha kiangazi. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akainama, akaendelea na alichokuwa akifanya. Alisoma mpaka darasa la nne, na hata huko shuleni, mwalimu akimwuliza swali ambalo jibu lake analijua alisimama akatazama miguu yake mpaka mwalimu akachoka na kumwambia kaa.

Alipopata nguvu alikwenda kukata mkonge katika shamba moja karibu na Korogwe. Huko ndiko alikomkuta Zuena, binti wa mama mmoja aliyekuwa akiuza chakula kambini. Kila akitoka kazini Muhidini alipitia kwao kuomba maji. Alikunywa, akarudisha kata, akashukuru, akaenda zake. Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku moja Zuena akaishika ile kata asimpe.

"Wewe kaka, kambini kwenu kuna bomba, na kila siku unakuja kunywa hapa. Una kiu gani isiyokwisha?"

Muhidini akatazama miguu yake.

"Haya, utasema lini?"

"Kesho," akajibu.

Wanawake waliokuwa pale walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini kesho yake alikwenda, akasema, na walioana mwaka ule ule wa Uhuru. Alimchukua mkewe wakarudi Kwedihoma kulima mahindi.

Zuena alikuja na mkeka, masufuria mawili, bakuli pana la bati lenye maua mekundu, na ujuzi wa kutengeneza rojo. Mama yake alikuwa akiwatengenezea wakata mkonge walioanguka kwa homa, wasioweza kumeza ugali. Lilikuwa rojo la matunda mabivu yaliyopondwa pamoja na maziwa ya mgando, zito kiasi kwamba ukisimamisha mwiko katikati ya bakuli unasimama wenyewe. Watu wa Kwedihoma walizoea kumenya tunda na kulila. Walipomwona mgeni anaponda ndizi na papai walimcheka, wakasema huyo anawapikia wasio na meno. Haukupita mwezi, wakaanza kutuma watoto na vibakuli.

Alilitengeneza kila Ijumaa, mchana, watu wakitoka msikitini. Akimaliza kukoroga aligonga mwiko kwenye ukingo wa bakuli mara tatu, ko, ko, ko, na huo ndio ulikuwa mwito wa watu wa nyumba yake. Muhidini aliweza kuusikia akiwa mwisho wa shamba.

Walikaa miaka saba bila mtoto. Hajira alizaliwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha, akawa mkia wa mama yake. Zuena akienda kisimani, Hajira nyuma. Zuena akimenya ndizi, Hajira yuko magotini anapokea maganda. Mimba ya pili ilikuja Hajira akiwa na miaka mitano na kitu, na katika masika ya mwaka sabini na nne, barabara zikiwa matope matupu, Zuena aliumwa uchungu siku mbili. Mtoto alitoka wa kiume, asilie. Mama yake alimfuata kabla ya adhuhuri. Walizikwa pamoja nyuma ya nyumba, karibu na mbungo mkubwa uliotambaa juu ya miti, ambao Zuena alikuwa akiupenda kwa matunda yake machachu.

Miezi minne baadaye ikaja zamu ya Kwedihoma kuhamia kijiji cha ujamaa.

Habari walikuwa nazo. Walikwishaambiwa kwamba watu hawawezi kuletewa shule, maji na zahanati wakiwa wametawanyika porini, na kwamba kijiji kipya cha Mapatano kimepimwa kando ya barabara, mwendo wa saa mbili kwa mguu. Ila siku yenyewe hawakuijua. Lori lilifika Jumatano asubuhi, likasimama katikati ya uwanja, na mtu mwenye karatasi akaanza kusoma majina.

Sasa kule kwao kuna desturi. Mtu akiondoka mahali walipolala watu wake, huenda kwanza makaburini na maji katika kata na unga mkononi, akawaita kwa majina, akawaambia tunahama, tunakwenda mahali fulani. Wasipoambiwa wanabaki wakiwatafuta. Wengine wote waliomba nafasi wakaenda. Mwatumu, dada yake mkubwa Muhidini, alikwenda kwenye kaburi la mumewe akarudi na unga kwenye vidole. Muhidini alikuwa ameshika bakuli la maua mekundu kwa mkono mmoja na mkono wa Hajira kwa mwingine. Jina lake lilisomwa. Alitazama nyuma ya nyumba. Alichotakiwa kusema ni "Naomba nafasi kidogo," basi. Lakini yule mtu wa karatasi alikuwa anamtazama, na watu wote juu ya lori walikuwa wanamtazama, na ulimi wake ukawa mzito kama siku zote. Akapanda.

Lori lilipoanza kutembea Mwatumu akamsogelea.

"Umemuaga mkeo?"

Muhidini akatikisa kichwa kukubali.

Mapatano ilikuwa nyumba zilizopangwa mistari miwili, nyingi zikiwa bado fito tupu bila udongo. Mvua za vuli zilikuwa mbali na mahindi ya mwaka ule yalikuwa yamekauka shambani. Watu walikula unga wa njano wa msaada, ule walioupa jina la Yanga. Jirani wa Muhidini upande wa kulia alikuwa Bernadina, mama mmoja mnene mcheshi, Mkristo, ambaye baba yake aliletwa kutoka kusini enzi za Mwingereza kukata mkonge. Watu walimwita Mama Paulina. Mwatumu alipewa nyumba ya tatu kutoka hapo.

Wiki ya kwanza Hajira alikula nusu ya chakula chake. Wiki ya pili alikula matonge mawili matatu. Wiki ya tatu alikuwa anashika tonge, analitazama, analirudisha sahanini.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, Baba."

"Umeshiba nini?"

Hajira alikuwa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza upande wa njia ya Kwedihoma.

Muhidini akambeba mgongoni mpaka Korogwe kumwona mganga wa zahanati. Mganga alimpima, akamtazama macho na ulimi, akasema mtoto hana homa, hana minyoo, ila akiendelea hivi hatamaliza mwezi. "Kuna kitu alichokuwa anakipenda huko nyumbani?" akauliza. "Mpe hicho. Chochote. Ilimradi kipite kooni."

Njia nzima kurudi Muhidini alikuwa akisikia mgongoni mwake jinsi mtoto alivyokuwa mwepesi. Kuni angezihisi zaidi.

Bernadina alikuwa mtu wa kwenda gulioni Manundu. Muhidini akamwomba, kwa maneno yasiyozidi sita, amletee ndizi na papai, naye atamchanjia kuni. Bernadina akaleta. Mwanamke mmoja wa Kimasai aliyepita na kibuyu akawapatia maziwa ya mgando. Muhidini akakaa chini uani, akaweka bakuli lile katikati ya miguu, akaanza.

Hakuwahi kutengeneza rojo maishani mwake. Alikuwa amelila miaka kumi na mitatu, lakini lilikuwa linamfikia likiwa tayari. Akamenya ndizi, akaponda. Akakata papai, akaponda. Akamimina maziwa. Vitu havikuchanganyika, akaongeza maji kidogo. Vikachanganyika, vikawa kama uji wa mgonjwa. Bernadina akachungulia juu ya ua.

"Baba Hajira, hilo ni rojo au ni maji ya kunawia?"

"Rojo."

"Mh. Mwenyezi Mungu akusaidie."

Hajira aliletewa. Akaingiza kidole, akakitoa, akakitazama kinavyochuruzika.

"Mama haweki maji," akasema.

Akasukuma bakuli. Muhidini hakuona ajabu. Mtoto alikuwa mkia wa mama yake, ameona mengi. Aliyanywa yeye mwenyewe yale maji, kwa aibu ya kumwaga chakula mwaka wa njaa.

Siku iliyofuata alijaribu bila maji. Ikawa mabonge. Hajira alikuwa amelala kwenye mkeka, magoti yametokeza kama mafundo kwenye fimbo.

"Mama amesema hizo ndizi uzivundike kwanza. Mpaka maganda yawe meusi."

Muhidini akasimama na mwiko mkononi.

"Amesema lini?"

"Leo. Ulipokwenda kuchota maji."

Alisema kama mtu anayetoa salamu za jirani. Muhidini akafunika bakuli. Akachimba shimo dogo pembeni mwa ua, akatandika majani makavu, akafukia ndizi zilizobaki.

Ndizi zilikaa siku tatu. Katika siku hizo tatu Hajira aliishi kwa maji na vijiko vichache vya uji, na siku ya tatu, saa sita, jua likiwa utosini na kijiji kizima kikiwa kimya kwa joto, Muhidini alisikia ko, ko, ko. Alikuwa ndani, anakandika udongo ukutani. Alitoka mbio. Uani hapakuwa na mtu. Bakuli lilikuwa kavu, limefunikwa pale alipoliacha, mwiko juu yake. Akaenda kwa Bernadina.

"Umegonga kitu?"

"Nigonge nini, baba? Nimelala na kanga usoni kwa hili jua."

Alipofukua ndizi zilikuwa nyeusi nje, ndani laini kama siagi, na harufu yake ilimpiga moja kwa moja kifuani. Ilikuwa harufu ya Ijumaa, harufu ya mikono ya Zuena. Akaponda, akatia papai, akatia maziwa. Safari hii ilishikana zaidi, lakini chini palikaa maji ya maziwa.

"Amesema maziwa uyafunge kwenye kitambaa, uyatundike, maji yake yatoke," Hajira akasema bila kugeuza uso. "Amesema wewe una haraka."

Mwatumu alikuwa amekuja kumwangalia mtoto. Alikuwa amesimama mlangoni na aliyasikia yote. Akamshika Muhidini mkono, akamtoa mpaka nyuma ya nyumba.

"Nani amesema?"

Muhidini akageukia ukuta, akabonyeza udongo uliokuwa bado mbichi.

"Nakuuliza wewe, mdogo wangu. Nani anamwambia mtoto maneno hayo?"

"Anaota."

"Macho yake yalikuwa wazi nilipoingia. Muhidini, nitazame. Siku ile ya lori ulimuaga Zuena?"

Alitazama miguu yake. Mwatumu akaachia mkono wake kama mtu aliyeshika sufuria la moto.

"Nilikuuliza! Nilikuuliza juu ya lori, ukatikisa kichwa!"

"Watu walikuwa wengi, dada."

"Watu walikuwa wengi! Wewe mwanamume, aibu yako hii imekufaa nini mpaka leo? Yule mwanamke hajui mlipo. Amebaki kule na kitoto kilichokufa mkononi, anaita hiki kilicho hai. Na hiki kinaitika! Huoni kinavyokwisha?"

"Anamfundisha ale," Muhidini akasema polepole. "Anataka mtoto ale."

"Anataka mtoto. Basi." Mwatumu akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Utakwenda kesho. Maji na unga. Na unisikie vizuri, usimwelekeze huku. Hiyo nafasi ilikwishapita. Angeambiwa siku ile angetulia. Sasa ukimwambia njia atakuja kumchukua. Mwambie mmeachana. Mwambie asije."

Muhidini alikuwa na neno ambalo hakuwa tayari kumwambia dada yake wala mtu yeyote. Tangu siku ile ya ndizi, kila akirudi kisimani alikuwa anapiga hatua ndefu, si kwa hofu peke yake. Alikuwa anataka kusikia amesema nini. Katika miaka yote ya ndoa Zuena ndiye aliyesema, na yeye ndiye aliyesikiliza, na nyumba ikajaa. Sasa nyumba ilikuwa imeanza kujaa tena. Kwamba ilikuwa inajaa kwa kumpunguza mtoto, hilo aliliona pia. Aliyaona yote mawili.

Jioni ile alitundika maziwa kwenye kitambaa. Asubuhi yalikuwa mazito kama udongo wa kufinyangia. Akatengeneza rojo kabla jua halijapanda, likawa zito, mwiko ukasimama. Akamwinua Hajira, akamlisha kijiko. Mtoto akalishika mdomoni kitambo. Halafu akaliacha litoke pembeni mwa midomo.

"Siyo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Amesema lina utamu tu. Amesema mabungo. Yale ya kwetu. Amesema nikayafuate."

"Wewe ukayafuate?"

"Amesema nije."

Muhidini akamlaza. Akatoka nje, akaenda kwa Bernadina akamwomba akae na mtoto. Kisha akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, mtu aitwaye Matayo, kwa sababu ilikuwa marufuku kurudi kwenye mahame, makazi waliyohamishwa, bila ruhusa. Wengine walikwenda wakakaa huko huko.

"Unafuata nini Kwedihoma, ndugu Muhidini?"

"Mabungo."

Matayo akacheka. "Mtu mzima na ndevu zako, unaniomba ruhusa ya kufuata mabungo?"

"Mtoto wangu hali," Muhidini akasema. "Anakufa. Hataki kitu kingine. Naomba niende, nitarudi kabla jua halijatua."

Matayo akaacha kucheka. Alimjua Muhidini toka zamani, na hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Akamwambia nenda.

Alikwenda na kata ya maji iliyofungwa kwa jani la mgomba, unga wa njano katika pindo la shuka, na kikapu. Alitembea haraka. Njia ilikuwa imeanza kufungwa na miiba, ingawa haikuwa imepita miezi miwili. Alifika Kwedihoma jua likikaribia utosini.

Mahame yana ukimya wake. Nyumba zilikuwa zimeezuliwa, fito zimebaki zimesimama kama mbavu. Hapakuwa na jogoo, hapakuwa na moshi. Majani makavu yalikuwa yamejaa viwanjani kwa kila mtu, kwa Mzee Sadala, kwa Mwatumu, kote. Alipofika kwake akasimama. Uwanja wake ulikuwa hauna jani.

Kwenye kizingiti palikuwa na maganda ya mabungo. Rangi yake ya machungwa ilikuwa haijakauka, na ndani yalikuwa bado yana unyevu. Nyani, akajiambia. Nyani wanapenda mabungo. Lakini nyani hutupa maganda ovyo, na haya yalikuwa yamepangwa, moja ndani ya jingine, kama vikombe vinavyongoja kuoshwa. Zuena alikuwa anayapanga hivyo, ili Hajira ayabebe mara moja.

Aliyapita bila kuyagusa. Akaenda nyuma.

Kaburi lilikuwa limebonyea kidogo upande mmoja. Mbungo ulikuwa umejaa matunda, mengine yameanguka mpaka juu ya udongo wa kaburi. Akachuchumaa. Akafungua unga, akanyunyiza. Akamwaga maji nusu. Halafu ikabaki kusema, na hapo akakwama kama alivyokwama maisha yake yote. Akakaa. Jongoo alipita mbele yake akaenda mpaka akapotea kwenye majani, na Muhidini bado alikuwa hajasema.

"Zuena," akasema hatimaye. "Ni mimi."

Hapakuwa na upepo.

"Tulihamishwa Jumatano. Lori lilikuja asubuhi. Sikukuaga. Nilimdanganya dada kwamba nimekuaga." Akaweka kata chini. "Nimekuja kukwambia tulipo."

Hayo ndiyo aliyokuwa ameyabeba njia nzima, si ya Mwatumu. Alikuwa na maneno tayari: fuata njia ya kisima, vuka korongo, utaona barabara, nyumba ya pili mstari wa juu, ukuta bado mbichi. Alikuwa amekwishafungua mdomo. Na wakati ule ule, ndani ya nyumba isiyo na paa, nyuma ya mgongo wake, akasikia ko, ko, ko.

Hakugeuka. Lakini kilichomtisha haikuwa ile sauti. Kilichomtisha ni kwamba miguu yake, yenyewe, ilikuwa imeanza kuinuka kuiitikia. Akaelewa jinsi Hajira anavyoisikia. Kama yeye, mtu mzima mwenye ndevu, miguu inamwinuka, mtoto wa miaka sita atakataaje?

Akashika udongo wa kaburi kwa mikono yote miwili, akajizuia.

"Usije," akasema.

Akasema tena, kwa nguvu. "Usije, Zuena. Mtoto amekwisha. Hali. Unamwita, labda na wewe hujui kwamba unamwita, lakini anakwisha. Mimi ningependa uje. Mungu anajua ningependa. Nyumba haina sauti. Nikirudi kisimani namwuliza mtoto mama yako amesema nini, nimekuwa mtu wa hivyo. Lakini usije. Wewe una huyo uliyelala naye. Mlee huyo. Mimi niachie huyu. Tugawane. Na mimi nisikusikie tena, sawa, hata mimi. Mlango nikikuachia mimi, naye atapita huo huo."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkewe alipokuwa hai. Alipomaliza koo lilikuwa linamwuma. Akamwaga maji yaliyobaki. Akachuma mabungo yaliyo kwenye mti, yale yaliyoanguka kaburini akayaacha, akajaza kikapu, akasimama.

Alipozunguka nyumba aliangalia chini tu, miguu yake. Alikuwa amefika kwenye njia aliposikia nyuma yake ko. Halafu ko. Akasimama, ameipa nyumba mgongo, akingoja ya tatu. Alingoja mpaka jasho likamkauka shingoni. Haikuja. Akaanza kutembea.

Alifika Mapatano saa kumi. Bernadina alikuwa amekaa mlangoni, rozari mkononi, na alipomwona akasimama.

"Yupo," akasema upesi, kabla hajaulizwa. "Yupo, baba. Alikuwa anahangaika asubuhi yote, anataka kutoka, nimemshika kwa nguvu. Adhuhuri akalala ghafla. Nikadhani... lakini anapumua. Anapumua vizuri."

Muhidini hakuingia ndani kwanza. Aliogopa kwamba akiingia bila kitu mkononi mtoto atamwuliza neno. Alinawa, akakaa uani, akavuta bakuli. Akapasua mabungo, akayafikicha kwenye kung'uto la kuchujia kwa yale maziwa mazito yaliyobaki mpaka kokwa zikabaki tupu. Akamenya ndizi nyeusi. Akakata papai lililobaki, nusu akaiponda, nusu akaikata vipande vidogo. Akakoroga taratibu, upande mmoja, bila haraka. Rojo likageuka rangi kama jua la jioni. Bernadina akaleta karanga alizokaanga, akaziponda nusu nusu, wakazimwaga juu pamoja na vile vipande vya papai.

"Sasa hili ni chakula," Bernadina akasema. "Hata mimi, na mwili wangu huu, nitalimaliza hili?"

Wakaliweka kitambo kwenye mchanga wenye maji kando ya mtungi, lipoe. Alipolitoa bati lilikuwa baridi mkononi. Muhidini alishika mwiko, akautazama, akaulaza chini polepole usigonge kitu.

Akaingia, akamwinua Hajira, akamwegemeza kifuani. Akampa kijiko. Mtoto akalishika rojo mdomoni. Muhidini alihesabu moyoni mwake bila kujua anahesabu nini. Koo la Hajira likapanda, likashuka.

Kijiko cha pili. Cha tatu. Cha nne akakishika mwenyewe. Bernadina alikuwa mlangoni analia bila sauti, kanga mdomoni. Mwatumu akaja mbio kwa kuitwa, akasimama, akamtazama mdogo wake, naye Muhidini akamtikisia kichwa kwamba ndiyo, amemuaga, na safari hii ilikuwa kweli.

Wanawake wakaenda zao kutafuta kuni. Wakabaki wawili, baba na mtoto, na bakuli katikati. Hajira alikuwa anakwangua pembeni kwa kidole, anakilamba. Mashavu yalikuwa na rojo mpaka karibu na masikio. Nje kijiji kilikuwa kinafanya kelele zake za jioni, watu wanatwanga, mtu anaita mbuzi. Muhidini alikuwa anasikiliza. Alisikiliza ndani ya nyumba, kwenye kona, nyuma ya mkeka, uani.

Alijua alichokisema kule kaburini. Alijua kwa nini alikisema. Lakini mdomo wake, ambao maisha yote ulikataa kufunguka alipoutaka, sasa ulifunguka bila kuutaka.

"Hajira."

"Abee."

"Mama amesema nini leo?"

Mtoto akaacha kulamba kidole. Akamtazama baba yake kwa mshangao, halafu kwa huruma, jinsi watoto wanavyomtazama mtu mzima aliyesahau kitu ambacho kila mtu anakijua.

"Mama alikufa, Baba," akasema.

Muhidini akaitikia kwa kichwa. Akachukua bakuli, akamkusanyia kilichobaki chini, akampa.